Kuogopa Kuandika Kitabu

 Nawasalimu ninyi mliokaa kuizunguka redio darasani, na ninyi mnaolisoma somo hili katika karatasi kwa kuwa siku ile mlikuwa shambani au baharini. Wiki iliyopita tulizungumza habari za barua: mahali pa kuandika anwani na tarehe, na jinsi ya kuifikia haja yako kabla salamu hazijamaliza ukurasa. Leo nataka tupande juu kidogo. Tutazungumza habari za kuandika kitabu.

Najua mmecheka. Kila darasa nilikolitaja jambo hili watu walicheka, na baada ya kicheko wakanyamaza. Mama mmoja, mkunga aliyezalisha nusu ya watoto wa kijiji chake, aliniambia, "Bwana Elimu, mimi barua kwa mwanangu naiandika siku tatu. Kitabu ni cha watu wa vitabu." Wenzake wote wakamwitikia. Nikamwuliza, "Mama, ukimfundisha msichana ukunga, wamfundisha kwa muda gani?" Akasema, "Miaka miwili, mitatu, akiwa mwepesi." Nikamwuliza tena, "Na maneno ya miaka mitatu yatajaza karatasi ngapi?" Hakunijibu. Aliitazama mikono yake.

Mama yule hakukosa la kuandika. Alichokuwa nacho ni hofu. Wewe pia unayo, na mimi niliyepata diploma ya Chuo Kikuu ninayo, kama nitakavyokueleza baadaye kwa aibu kidogo.

Kwanza tukipime kitabu chenyewe, maana watu wengi wanaogopa kitu ambacho hawajakipima. Mwaka 1964 UNESCO, lile shirika la Umoja wa Mataifa linaloshughulika na elimu, sayansi na utamaduni, lilitoa maagizo ili nchi zote zihesabu vitabu vyao kwa namna moja. Likasema kitabu ni maandishi yaliyochapwa, ambayo si gazeti wala jarida, yenye kurasa zisizopungua 49 bila ya kuhesabu jalada. Yaliyo na kurasa 5 mpaka 48 yaitwa kijitabu. Basi kitabu ni kurasa 49. Hakikutajwa kimo cha elimu ya mwandishi, wala cheo chake, wala uzuri wa mwandiko wake.

Sasa chukua kalamu tufanye hesabu pamoja. Ukurasa wa daftari la kawaida, ukiandika kwa mkono bila kubananisha, huchukua maneno kama 150. Ukurasa wa kitabu kilichochapwa huchukua kama mara mbili yake. Kwa hiyo kurasa 49 za kitabu ni sawa na kurasa 98 za daftari. Ukiandika ukurasa mmoja kila siku, utamaliza kwa siku 98. Gawa kwa saba: ni wiki 14 kamili. Ukianza siku unayopanda mahindi yako, utakuwa unaweka nukta ya mwisho karibu na wakati wa kuvuna. Na kama ukurasa mzima ni mzigo kwako, andika nusu ukurasa. Utavuna mara mbili kabla hujamaliza, lakini utamaliza. Mwaka huo utapita tu, uandike usiandike.

Wengine watasema, "Bwana Elimu, hesabu si shida. Shida ni pale ninapoishika kalamu, mkono unakuwa mzito." Kweli. Lakini hebu tuulize ni nini hasa kinachouelemea mkono.

Mara nyingi ni macho ya watu. Umekaa peke yako usiku, taa inawaka, na bado waona kana kwamba kijiji kizima kimesimama nyuma ya bega lako kinasoma. Mwalimu aliyekuchapa ulipokuwa mtoto yuko pale. Shemeji yako aliyesoma mpaka mjini yuko pale. Waandika neno moja, wajiuliza watasemaje, walifuta. Waandika la pili, walifuta. Saa nzima imepita, karatasi ina matundu ya kufutia na jina lako juu. Hapo hukuwa unaandika, ulikuwa unajitetea mbele ya baraza.

Dawa ninayoijua mimi ni kulifukuza baraza lote na kumbakisha mtu mmoja tu. Mchague. Awe mtu unayemjua kwa jina, unayempenda, na asiyejua jambo unalolijua wewe. Mwandikie yeye. Dawa hii si yangu. Huko Pate, katika visiwa vya Lamu, aliishi mwanamke aliyeitwa Mwana Kupona binti Msham. Yapata mwaka 1858 alikuwa mgonjwa, na alikuwa na binti aliyetaka kumwachia wasia. Akamtungia utenzi. Hakuandikia mtungo ule mashindano, wala duka la vitabu, wala wataalamu wa nchi za mbali. Alimwandikia binti yake. Utenzi ule ukanakiliwa kwa mkono, mtu akimpa mtu, kwa miaka mingi kabla haujachapwa kwa mashine, na mpaka leo, baada ya zaidi ya miaka 160, unasomwa katika vyuo vikuu. Si wote wanaokubaliana na kila neno la wasia wake, hasa wanawake wa siku hizi, nami sina ugomvi nao. Ninalotaka ulione ni hili: aliandika kwa ajili ya mtu mmoja, na hao wengine wote wamekuja kusikiliza mlangoni.

Wapo wanaoogopa kwa sababu ya shule. "Nimejifunza kusoma nikiwa na wajukuu," mtu husema, "nitaandikaje kitabu?" Hapa nitakutajia watu wawili, maana jambo hili halihitaji maneno mengi. Shaaban Robert, ambaye jina lake mmelikuta katika kitabu chenu cha kusomea, hakwenda chuo kikuu. Aliingia kazi ya ukarani wa forodha mwaka 1926, na maisha yake mengi aliyapitisha katika ofisi za serikali, akiandika barua na hesabu za wengine mchana. Vitabu vyake aliviandika katika saa zilizobaki. Alipofariki mwaka 1962 aliacha vitabu vingi kuliko walivyoandika mabwana wengi waliomtuma kazi. Wa pili ni Muhammed Said Abdulla wa Unguja. Huyu alianza kazi akiwa mkaguzi katika idara ya afya, halafu akawa mhariri wa magazeti. Hadithi yake ya Mzimu wa Watu wa Kale ilipata zawadi ya kwanza katika mashindano ya kuandika hadithi ya mwaka 1957 na 1958 yaliyofanywa na East African Literature Bureau, ikachapwa kitabu mwaka 1960. Mtu wa kukagua afya za watu ndiye aliyetupa Bwana Msa, mpelelezi mwenye kiko chake.

Sitaki kukudanganya ya kuwa shule haina kazi. Watu hawa wawili walisoma, tena walisoma sana wao wenyewe baada ya kutoka shule. Lakini walijisomea wakiwa kazini, kama wewe.

Hofu nyingine ni ya lugha. Mtu anajua ya kuwa nyumbani kwao "r" na "l" hubadilishana viti, au ya kuwa hajui kama neno fulani laandikwa pamoja au mbalimbali. Aona heri asiandike kuliko kukosea. Hapa nataka niseme kwa nguvu. Makosa ya namna hiyo ni kazi ya mtu mwingine! Kila mahali panapochapwa vitabu pana mtu aitwaye mhariri, na mshahara wake hutoka katika makosa ya waandishi. Hata waandishi mashuhuri makosa yao husahihishwa. Mhariri aweza kukurudishia "r" yako mahali pake kwa kalamu moja. Lakini hawezi kuyajua mambo unayoyajua wewe. Ukiyaacha matupu, hana la kusahihisha.

Sasa nitimize ahadi yangu ya aibu.

Nilipokuwa kijana katika kazi hii niliagizwa kuandika kijitabu cha ufugaji wa kuku kwa ajili ya madarasa. Nilifurahi sana. Nilikaa mezani na karatasi nyeupe, na mara nikaanza kuwaona wenzangu niliosoma nao. Nikasema moyoni, wakisoma maneno mepesi watasema diploma yangu niliiokota. Basi nikaandika kwa maneno mazito. Mahali nilipotaka kusema "fagia banda kila asubuhi," niliandika "mfugaji atekeleze usafishaji wa mazingira ya makazi ya ndege wafugwao katika vipindi vya kila siku." Nilipomaliza, hofu ikaniingia upya, nikayatia maandishi katika sanduku la nguo. Yakakaa humo miaka miwili. Kila nilipofungua sanduku kutoa shati niliyaona, nikafunga haraka.

Siku moja nilikuwa na darasa, na mwalimu wao alikuwa mgonjwa, sina cha kusomesha. Nikayachukua yale maandishi. Nikampa mzee mmoja asome kwa sauti. Alisoma sentensi ile ya banda polepole, neno kwa neno, akafika mwisho, akarudi mwanzo, akafika mwisho tena. Kisha akavua miwani akaniuliza kwa adabu, "Bwana Elimu, kuku wenyewe wako wapi hapa?"

Darasa zima lilicheka, nami nikacheka, ingawa masikio yalikuwa moto. Jioni ile nilikaa na wanafunzi wale, wakaniambia wenyewe jinsi wanavyofuga: yupi anayewatilia kuku pilipili katika maji, yupi aliyepoteza kuku 30 kwa kideri katika wiki moja, na mama gani huwalaza juu ya kichanja ili kicheche asiwafikie. Niliandika kama walivyosema, na mahali waliposema jambo ambalo bwana mifugo hakubali, kama hilo la pilipili, nikaongeza chanjo ya kideri. Kijitabu kikatoka na kurasa 28. Kwa kipimo cha UNESCO si kitabu. Lakini kilisomwa mpaka majalada yakang'oka.

Nililojifunza ni ya kuwa lile jambo nililoliogopa kwa miaka miwili, yaani kuchekwa, lilikuja, likakaa kama dakika tatu, likaondoka. Na lilipoondoka liliniachia sentensi nzuri zaidi.

Iko hofu moja ambayo watu hawaitaji haraka, nami naiheshimu kuliko zote. Ni hofu ya kusema lisilo lako. Nitakueleza kwa habari ya mwanafunzi wa darasa moja la pwani, mzee fundi wa kuunda majahazi. Jina lake nalihifadhi. Alijifunza kusoma akiwa amepita miaka 60. Kazi yake alifundishwa na fundi mwingine aliyekwisha kufa, naye alikuwa na vipimo vyote kichwani: mkuku uwe pima ngapi, mataruma yaachane shibiri ngapi, mbao za mbambakofi zikauke muda gani, pamba ya kukalafati isokotwe vipi, deheni ichanganywe mpaka iwe nzito namna gani. Wanawe walikwenda mjini. Vijana wa pale walianza kununua vyombo vilivyokwisha tengenezwa. Alikuwa mtu wa mwisho mahali pale mwenye kujua kazi ile kutoka mti mpaka maji.

Nilimwambia aandike. Alikataa miezi mingi. Nilidhani anaona haya kwa mwandiko wake, ambao kweli ulikuwa kama nyayo za kaa mchangani. Kumbe sivyo. Siku moja aliniambia, "Bwana, fundi wangu alinipa kazi hii baada ya kumtumikia miaka saba. Alisema usimpe mtu asiyeitolea jasho. Nikiiandika, nitakuwa nimempa kila mpita njia. Nitamjibu nini?"

Sikuwa na jibu. Naomba walimu wanaonisikiliza waliangalie jambo hili, kwa sababu twaweza kumsukuma mtu kwa maneno ya "elimu ni ya wote" na tukamkosea. Nilimwuliza tu, "Fundi wako angefurahi kazi ifike mwisho kwako?" Akasema atafikiri.

Alirudi baada ya mwezi akiwa na daftari. Alikuwa ameligawa jambo lake mwenyewe. Kazi ya mikono ataiandika yote, alisema, kwa kuwa hata mtu akiisoma bado itamtoa jasho. Lakini maneno yanayosemwa siku ya kushusha chombo majini hatayaandika. Hayo atampa mjukuu wake kwa mdomo, akitaka. Na ukurasa wa kwanza kabisa ataweka jina la fundi wake, na jina la fundi aliyemfundisha fundi wake, mpaka anapoweza kufika. Nikamwambia hakuna mwandishi ninayemjua aliyepanga kazi yake vizuri kuliko hivyo.

Aliandika kwa karibu miaka miwili. Hakuanza na mwanzo. Alianza na kalafati, kwa kuwa wakati ule ndiyo kazi aliyokuwa nayo mkononi, na kila jioni aliandika alichokifanya asubuhi. Shika jambo hilo, litakufaa. Watu wengi wanakwama kwa sababu wanataka kuanza na ukurasa wa kwanza, na ukurasa wa kwanza ndio mgumu kuliko yote. Anza katikati. Anza na kile ulichokifanya leo. Mlango wa nyumba hutiwa baada ya kuta kusimama.

Alipofika kurasa 40 macho yakaanza kufunga. Daktari alisema ni mtoto wa jicho. Akataka kuacha. Mjukuu wake, msichana wa darasa la sita, akashika kalamu, babu akawa anasema. Watu wengine hudhani kusema na mwingine akaandika ni udanganyifu, eti kitabu si chako. Maneno ni ya nani? Ni ya babu. Kalamu ni ya nani? Haidhuru. Ila msichana yule alikuwa na tabia ya kuyasahihisha maneno ya babu yake kwa Kiswahili cha shuleni, na babu akimwambia amsomee, akisikia neno si lake humfanya alifute. Walikuwa na ugomvi mtamu. Daftari lilikwisha likiwa na kurasa 61 pamoja na michoro.

Halikuchapwa. Nalisema hili wazi kwa sababu sitaki utoke katika somo hili ukidhani kila anayeandika huchapwa. Mchapaji lazima alipe karatasi, wino na watu wake, naye huuliza, "Nitauza nakala ngapi?" Mara nyingine jibu si zuri. Na hata linapokuwa zuri, huweza kuchelewa. Mfikirie Aniceti Kitereza wa kisiwa cha Ukerewe, katika Ziwa Victoria. Alizaliwa mwaka 1896. Aliona desturi na lugha ya Wakerewe zinapungua, akaandika hadithi ndefu sana ya mume na mke, Myombekere na Bugonoka, waliotamani mtoto. Aliiandika kwa Kikerewe akaimaliza mwaka 1945. Hakuna aliyetaka kuichapa kwa lugha ile. Akaitia mwenyewe katika Kiswahili, kwa mkono wake. Kitabu kikachapwa na Tanzania Publishing House mwaka 1980, miaka 35 tangu alipokimaliza mara ya kwanza. Yeye alifariki mwaka 1981, nakala zikiwa njiani, hajakishika mkononi.

Habari hii ni chungu, na nimewahi kuambiwa nisiisimulie madarasani, itawavunja watu moyo. Mimi naona si vizuri kuwaficha watu wazima. Kitereza hakuandika ili achapwe kesho. Aliandika ili Ukerewe aliyoijua isipotee. Leo kitabu chake kimekwisha kutiwa katika lugha za Ulaya pia. Tena angalia: aliandika kwanza kwa lugha aliyolelewa nayo. Wewe nawe, kama Kiswahili kinakukwaza mahali fulani, liandike jambo lile kwa lugha ya mama yako kwanza, ulifasiri baadaye. Usiliache lipite kwa kukosa neno.

Narudi kwa mzee wetu. Daftari lake liliwekwa katika debe lenye kifuniko, limefungwa katika mfuko wa nailoni, kwa kuwa pwani adui wa kitabu ni unyevu, na adui wa pili ni mchwa. Mjukuu alilipiga picha kwa simu, ukurasa kwa ukurasa, akampa mjomba wake picha zile aziweke mjini. Fanya hivyo na wewe. Andika tarehe na namba katika kila ukurasa, ili daftari likichanika ujue karatasi ipi yatangulia. Acha nafasi pembeni, kidole viwili, kwa ajili ya mambo utakayoyakumbuka usiku. Na usiandike pande zote mbili za karatasi kama unayo ya kutosha, wino hupenya.

Mwaka uliofuata vijana wawili wavuvi walikuja wakaliomba. Walitaka kuunda mashua ndogo wenyewe, kwa kuwa fedha ya kununua hawakuwa nayo. Walikaa na kitabu kile chini ya mkungu, wakapima, wakakata. Walipofika kwenye mkuku wakakwama: kipimo hakikuwamo. Mzee alikuwa amesahau kukiandika, jambo kubwa kuliko yote, kwa kuwa kwake lilikuwa jepesi kama kupumua. Wakaenda kumwuliza. Alijishika kichwa. Akamwita mjukuu, akamwambia aandike pembeni mwa ukurasa wa 9, katika ile nafasi ya vidole viwili, "Hapa nilisahau," kisha kipimo.

Nimeuona ukurasa ule. Katika kitabu chote ndio ninaoupenda zaidi. Ndiyo sababu nimewaambia msiogope kosa. Kitabu chenye kosa huweza kuulizwa swali na kupata jibu pembeni. Kichwa kilichofukiwa hakiulizwi. Hata hivyo nakushauri umpe mtu kitabu chako akifuate kwa mikono kabla ya kusema kimekwisha. Kama ni mapishi, apike mtu asiyejua. Kama ni habari za ukoo, asomewe shangazi mkali kuliko wote. Atakasirika mahali fulani, naye atakupa majina matatu uliyoyaacha. Yule mkunga wa mwanzo wa somo letu ameanza kwa njia hiyo. Anamsemesha msichana anayemfundisha, msichana anaandika, na Bibi Mganga Mkuu wa zahanati anapitia kurasa zake, wakibishana habari za mambo gani ni ya zahanati tu na mambo gani ni ya nyumbani. Wamefika ukurasa wa 17.

Sasa kazi ya wiki hii. Mwalimu wa darasa, tafadhali gawa karatasi. Kila mtu aandike juu jina la mtu mmoja atakayemwandikia. Si lazima mtu huyo awe hai. Chini yake aandike jambo moja ambalo mikono yake hulifanya bila kufikiri: kusuka mkeka, kutega dema, kukamua tui, kumtuliza mtoto mwenye homa mpaka asubuhi. Kisha aandike ukurasa mmoja wa jambo hilo, akianzia katikati, kama alivyolifanya mara ya mwisho. Asifute. Akikosea apige mstari mmoja na kuendelea, ili neno la kwanza lionekane bado, maana mara nyingi neno la kwanza ndilo lililokuwa zuri. Asiyeweza kuandika upesi akae na mwenzake, mmoja aseme, mmoja aandike, halafu wabadilishane.

Siku ya Alhamisi someaneni kwa sauti. Msikilizaji haruhusiwi kusahihisha "r" na "l". Anaruhusiwa kuuliza swali moja tu: "Hapo ulifanyaje?" Jibu atakalopewa liandikwe pembeni.

Wiki ijayo, saa hii hii, tutazungumza jinsi ya kupanga kurasa hizo ziwe sura. Njooni na karatasi zenu. Zilizokunjika pia zije.